Mwili wa Taifa na Watu wa Chokaani

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msomaji atakayeona inafanana na kwao ajue ameota tu, anawe uso kisha aendelee kusoma. Inaitwa Kiwiliwili. Ni nchi nzuri sana. Nalisema hilo mapema, tena kwa sauti, kwa sababu kuta za huko zina masikio, na masikio yana wizara yake.

Muasisi wake, kabla hajawa Kichwa cha Taifa, alikuwa mgonjwa wa busha. Siku moja alikaa kwenye benchi la zahanati tangu asubuhi akimngoja tabibu, na ukutani mbele yake palikuwa na picha ya binadamu aliyechunwa ngozi, kila kiungo kimewekewa mstari na jina. Tabibu hakutokea. Muasisi aliikodolea macho ile picha mpaka jioni, na alipoinuka busha lilikuwa palepale lakini akili ilikuwa imehama. "Nimeiona serikali," aliwaambia wenzake. Tulipopata uhuru akaunda wizara kwa kuifuata picha: Wizara ya Misuli, ya Damu, ya Fahamu, ya Mapafu, ya Tumbo, ya Ngozi. Ya Mifupa aliikumbuka mwishoni, kwa kuwa mifupa ilichorwa kwenye picha nyingine iliyokuwa nyuma ya mlango.

Kila wilaya ikapewa kiungo chake. Sisi wa Chokaani, tunaochoma mawe ya chokaa na kushinda weupe kwa vumbi toka utosini hadi kwenye kucha, tukapewa mifupa. Hatukulalamika. Mtu akikupa jina linalokufaa humuulizi sana.

*

Nchi nyingine, siku ya sherehe za uhuru, watoto hupangwa uwanjani wakaandika kwa miili yao "Karibu Mheshimiwa". Sisi halaiki yetu ilikuwa ya watu wazima, na hatukuandika kitu. Tulijenga jitu. Mamia ya watu tulilala kwenye nyasi, filimbi ikalia, na jitu likaanza kuinuka: goti, paja, kiuno, kifua, mabega. Likisha kusimama hupiga hatua hadi jukwaa kuu na kumpigia saluti Kichwa cha Taifa. Liliitwa Mwili wa Taifa. Mabalozi wa nchi za nje walilipiga picha, wakarudi makwao kuuliza kwa nini wao hawana.

Ngoja nieleze lilivyokwenda, maana wengi wanadhani lilikwenda kwa uzalendo peke yake.

Sisi Mifupa tulibebana mabegani na kufungana mikono. Misuli walikuwa vijana wa mjini wenye vifua, wakishika kamba zilizofungwa viunoni mwetu. Hawa wakivuta, wale wakalegeza, goti likakunjwa. Wale wakivuta, hawa wakalegeza, likanyooka. Msuli haujui kusukuma, unajua kuvuta tu, na usipokuwa na mfupa wa kuvuta unabaki kujivuta wenyewe. Fahamu walikuwa na filimbi, na bila filimbi hakuna aliyegusa kamba. Mapafu walipuliza mabaragumu kifuani, na ndugu zangu wa mbavu wakawazungushia mikono wasipondwe. Damu walikuwa vijana waliovaa nyekundu, wakipita mbio humo ndani na maji na vipande vya muhogo kumpa kila mtu, na mfupa nao ulikula na kunywa, ingawa hadharani ilisemwa mfupa ni kitu kikavu kisicho na njaa. Juu yetu sote palitandazwa Ngozi: turubai kubwa la rangi ya dhahabu, lenye matundu madogomadogo ya kutuingizia jua, maana mfupa usiopata jua hulainika. Waliolishika kazi yao nyingine ilikuwa kutabasamu.

Watazamaji waliiona Ngozi tu. Kila mwaka magazeti yaliandika: "Ngozi yapendeza."

Mimi nilikuwa pingili ya kiunoni, chini kabisa ya uti wa mgongo, bega kwa bega na jirani yangu Mwinjaka. Juu ya mabega yetu mawili, mguu mmoja kwangu na mmoja kwake, alisimama mke wangu Sikudhani. Yeye alikuwa pingili iliyofuata, na juu yake wengine, na juu ya wengine shingo, na juu ya shingo fuvu. Mwinjaka alikuwa mtu wa maneno machache na mgongo mpana. Sikudhani alizoea kusema kwamba kwangu anakanyaga kwa mapenzi, kwa Mwinjaka anakanyaga kwa uhakika. Nilicheka kila alipolisema, ingawa sikulipenda.

*

Sasa nije kwenye jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema.

Serikali ilifundisha shuleni kwamba Damu hujizaa yenyewe. Lakini vijana wote wa Damu walitoka Chokaani, ndani ya nyumba zetu sisi Mifupa, kwa sababu ni watoto wetu tu, waliokulia kupanda na kushuka machimbo, waliokuwa na pumzi ya kukimbia humo ndani tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Tuliwazaa, tukawalea gizani hadi wakakomaa, kisha lori la wizara likaja kuwachukua. Wakifika mjini walivishwa nyekundu na kuapishwa kwamba walizaliwa wekundu. Aliyeapa hakuruhusiwa kusema kwao ni wapi. Akibainika alitiwa ndani kwa kosa la kusema uongo mbele ya bendera.

Mimi na Sikudhani tulijaliwa mtoto mmoja, Shaweji. Alipochukuliwa mama yake alilia, lakini akilia huku anamfungia maandazi. Shaweji alikuwa na mbio na alikuwa na mdomo, na katika Kiwiliwili mtu mwenye vyote viwili hachelewi. Alianza kupeleka maji kwenye vidole vya mguu, akapandishwa goti, akapandishwa moyo, na haukupita muda tukamsikia redioni: Mheshimiwa Shaweji, Waziri wa Damu. Jirani zetu walikuja kutupongeza kwa kunong'ona. Tulikunywa uji kwa furaha, milango imefungwa.

*

Mambo yaliharibika siku ya semina.

Kichwa cha Taifa wa wakati huo, mrithi wa Muasisi, aliwaita mawaziri hotelini waeleze kila wizara inafanya nini. Waziri wa Misuli alisema: "Mheshimiwa, mwili hutembea kwa misuli." Makofi. Waziri wa Fahamu alisema misuli bila filimbi ni nyama. Makofi zaidi. Waziri wa Tumbo hakusema kitu kwa kuwa alikuwa anakula, akapigiwa makofi naye. Wetu wa Mifupa, mtu mnyoofu, alisema: "Sisi tunasimama, Mheshimiwa."

"Kusimama ni kazi?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Tena wote wengine wanatuegemea."

"Mbona hata mlingoti unasimama, na sijaupa gari?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hapo, kwa mujibu wa redio, akainuka Waziri wa Damu, kijana msomi na mzalendo, akatoa pendekezo la kulinusuru taifa. Alisema mifupa isifutwe. Alisema mifupa ni ghala. Wizara yoyote ikipungukiwa, ikaazime mtu mifupani, na ikishiba imrudishe. Pendekezo likapita kwa kauli moja.

Nilikuwa nimeshika redio. Sikudhani akasema, "Umesikia anavyopangilia maneno?" Nami nikamwambia nimesikia.

Kwa haki ya Mungu, kuazimana kulikuwako tangu zamani. Filimbi za Fahamu zikitetemeka, au Misuli wakishikwa na mkakamao, tuliwapa watu wetu wakatulia, na jioni wakarudishwa. Mwili hauwezi kwenda bila hilo. Jipya lilikuwa moja tu: sasa hakuna aliyerudisha. Wizara ya Fahamu ilichukua vidole vitano ikawafanya matarishi. Wizara ya Tumbo ilichukua mbavu za kuchanja kuni. Mahali pa kila aliyeondoka paliwekwa gunia la pumba, limepakwa chokaa, limefungwa kamba kiunoni. Wizara ya Ngozi, ili magunia yasionekane, ikaziba yale matundu ya jua. Watazamaji hawakujua lolote. Mwaka ule magazeti yaliandika: "Ngozi yapendeza kuliko mwaka jana."

*

Shaweji alikuja nyumbani jioni, wiki chache kabla ya sherehe, amevaa kanzu na miwani ya jua ili asijulikane. Tangu achukuliwe hakuwa amekanyaga pale. Sikudhani alimshika uso kwa mikono miwili akabaki anamtazama tu.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekonda, baba yangu. Huko hawakupi chakula?"

"Kazi nyingi, mama."

Akapikiwa wali na samaki wa kukaanga. Alikula haraka huku akitupia jicho mlangoni. Alipomaliza kunawa akasema amekuja kwa jambo la kitaifa. Anamtaka Mwinjaka.

"Wa nini?" nikamuuliza.

"Mlango wa ofisi yangu unajifunga na upepo. Unapiga kelele wakati wa vikao. Nahitaji mtu mzito wa kuusimamia."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. "Shaweji," nikamwambia, "tia jiwe mlangoni. Mwinjaka ndiye ninayebeba naye mama yako. Ukimtoa yeye, mguu mmoja wa mama yako utakuwa juu ya gunia la pumba, na juu ya mama yako kuna watu mpaka mawinguni."

"Najua, baba. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sikutuma mtu. Ni kwa kuazima tu. Nitamrudisha kabla ya sherehe."

"Magunia yote yale ni ya watu walioazimwa."

"Walioazimwa na wengine." Akamgeukia mama yake. "Mama, wewe unanijua. Naweza mimi kukuacha ukanyage pumba?"

Sikudhani akacheka, akampiga begani. "Mwache mtoto na kazi yake, mume wangu. Amesema atamrudisha."

Mwinjaka aliondoka naye usiku huohuo, amebeba mkeka wake, bila kuuliza swali, na nilipompa mkono aliniambia nisihangaike, watu wa kwetu hawavunji neno.

*

Siku ya sherehe uwanja ulijaa asubuhi na mapema. Tulijipanga kwenye nyasi, Ngozi ikatandazwa, joto likapanda. Ubavuni mwangu palikuwa na gunia. Niliwatuma vijana wa Damu, mmoja baada ya mwingine, wakamwambie Waziri kwamba Mwinjaka hajafika. Wa kwanza hakurudi. Wa pili alirudi na jibu: Mheshimiwa anasema anakuja. Wa tatu alirudi na jibu kwamba Mheshimiwa yuko jukwaani na hapaswi kusumbuliwa na mambo ya ndani.

Kupitia pindo la turubai nililiona jukwaa. Shaweji alikuwa mstari wa pili, anapepewa.

"Usipande," nikamwambia Sikudhani. "Tuseme unaumwa."

"Nikisema naumwa, na wa juu yangu watakanyaga wapi?" Akalibonyeza gunia kwa kidole, kidole kikazama. "Atamleta. Bado filimbi haijalia. Mwanangu ameniahidi mbele yako."

"Sikudhani."

"Ameniahidi," akasema tena, lakini safari hii hakunitazama.

Filimbi ikalia. Kamba zikakaza. Nikamhisi mguu wake wa kulia begani kwangu, na nikajua wa kushoto uko wapi kwa jinsi alivyoning'ang'ania. Jitu likainuka. Nasema kweli, liliinuka, na watu wakashangilia kwa nguvu hata nikapata matumaini ya kijinga. Likapiga hatua moja. Likapiga ya pili. Jukwaani Kichwa cha Taifa akasimama kupokea saluti, na Misuli, kwa kumuona amesimama, wakavuta kwa sifa kuliko filimbi ilivyoagiza. Gunia likapasuka. Nilinyoosha mkono kumdaka mke wangu na mkono haukufika.

Watu wa Misuli waliangukiana wakainuka wanajipangusa. Mapafu walipungukiwa pumzi kidogo. Kina sisi tulivunjika. Sikudhani alivunjika nyonga, na sauti ya kuvunjika kwake niliisikia katikati ya kelele zote zile, na naisikia bado.

Redio ya taifa haikupoteza muda. Ilitangaza kwamba mwaka huu Mwili wa Taifa, kwa kuzidiwa na mapenzi kwa Kichwa chake, haukutosheka na saluti bali ulisujudu.

*

Mambo yangeishia kwenye kusujudu kama pumba isingeingia kwenye viatu vya Kichwa cha Taifa. Iliingia. Ikaundwa Tume ya Kuchunguza Heshima Iliyopita Kiasi, mwenyekiti wake Waziri wa Ngozi, ambaye alitabasamu tangu kikao kilipofunguliwa. Nilifikishwa mbele yake kama mshitakiwa wa kwanza: pingili iliyolegea. Sikudhani aliletwa kwa kitanda cha kamba, akawekwa chini kando ya ukuta. Shaweji alikaa mezani, kati ya mawaziri wenzake.

"Mshitakiwa," akasema Mwenyekiti, "unamfahamu Waziri wa Damu?"

Nilimtazama mwanangu. Kama ningesema kweli, angeanguka pale pale: aliapa kwamba alizaliwa mwekundu. Nilimtazama mke wangu. Alitikisa kichwa, kidogo sana, na midomo yake ikasema bila sauti: usiseme. Nyonga imevunjika, mwezi wa pili huu hajalala usingizi, na bado anamficha.

"Namfahamu kama raia anavyomfahamu waziri," nikasema.

"Kuna uvumi kwamba pingili iliazimwa na haikurudishwa. Mheshimiwa Shaweji?"

Akajibu akiwa amekaa, sauti yake ileile ya redioni. "Sijawahi kufika Chokaani. Mtu huyu simfahamu, wala mwanamke huyo. Uti wa mgongo ulilegea kwa makusudi, na napendekeza adhabu iwe kali ili liwe fundisho kwa mifupa iliyobaki."

Wanasema asiye na mwana aeleke jiwe. Mimi nilikuwa na mwana. Afadhali ningeeleka jiwe, jiwe lisingenitazama usoni likasema halinifahamu. Hasira ya siku ile, naandika haya ningali nayo.

Sauti ikatoka kitandani. "Mimi nina la kusema."

Vichwa vikageukia ukutani.

"Huyo nilimzaa mimi," akasema Sikudhani. "Nilimbeba mgongoni akiwa na surua mpaka hospitali ya ng'ambo ya vilima, na kurudi. Alikuja kwangu akala wali wangu, akamchukua Mwinjaka, akaniahidi. Nilikuwa namficha. Kama hanijui, basi sina wa kumficha. Andikeni."

Mwenyekiti alitabasamu kwa huzuni. "Tungependa kuandika, mama. Lakini sheria ya ushahidi ya nchi hii inataka shahidi asimame."

"Siwezi kusimama. Ndicho nilichokuja kuwaeleza."

"Basi maneno yako, kisheria, bado hayajasemwa."

Niliruka kwenda kumwinua. Askari wakanizuia, maana mshitakiwa hamgusi shahidi. Mawaziri wakainamiana, wakafunua kitabu cha sheria, na Mwenyekiti, ambaye sina budi kusema alitaka kuonekana mwenye huruma, akapata kifungu. Shahidi asiyejiweza aweza kusimama akishikiliwa na mzazi wake au mtoto wake, na si mtu mwingine yeyote.

"Mama, una mzazi aliye hai?"

"Sina."

Mwenyekiti akageuka polepole akautazama ukumbi mzima.

"Shahidi ana mtoto humu ndani?"

Sikudhani alikwisha kunyoosha mikono yote miwili juu, kama anyooshavyo mtu anayengoja kuinuliwa, na mikono ilikuwa imeelekea mezani. Shaweji akasukuma kiti nyuma, akainuka. Mungu anisamehe, nilimshukuru. Kwa muda wa pumzi moja nilimsamehe yote, Mwinjaka, gunia, semina, yote.

Akafunga kifungo cha koti lake.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "muda umekwenda. Naomba tumwite shahidi mwingine."

Mikono ya mke wangu ilibaki juu kitambo kidogo, halafu ikashuka. Karani akaandika kwamba shahidi alipewa nafasi na hakusimama. Kisha wakamwita shahidi mwingine.